Baridi Haitengenezwi

Juzi baada ya Laasiri alinipigia simu Bi Mkubwa mmoja wa Jang'ombe, hapa Unguja. "Fundi, njoo mwanangu, friji linaunguza." Nikamuuliza kama kuna harufu ya waya. Hakuna. Moshi? Hakuna. Ila ubavu wa friji, ule ulioelekea ukutani, ukiweka kiganja hukai nao. Friji lenyewe jipya, hata wiki halijatimiza tangu mwanawe alilete, na yeye kwa kuogopa moto alikwishalizima na samaki wake, changu, wamo ndani.

Nikafika, nikaliwasha, tukakaa kidogo. Kompresa, ile mota inayobana gesi, ikaanza kunguruma kwa chini, na baada ya robo saa nikaweka mkono ubavuni. Moto kweli, lakini moto wa kawaida. Mafriji mengi ya siku hizi hayana tena ule wavu mweusi wa mabomba mgongoni. Mabomba yamefichwa ndani ya bati la ubavu, basi bati ndilo linalopata moto. Nikamwambia, "Bi Mkubwa, hili joto unalolisikia hapa nje ni lile lililokuwemo ndani ya samaki wako. Linatoka." Akaweka kiganja pale, safari hii akakiacha, kisha akafungua mlango akamgusa changu mmoja, kisha akarudi ubavuni. "Yaani hili ni la huyu?" Ndiyo, ni la huyu, na kidogo ni la mota yenyewe inayofanya kazi.

Alivyokuwa akienda na kurudi baina ya samaki na bati ndivyo vilivyonikalisha niandike. Nimo katika kazi hii tangu 2007, na maneno niliyoyasema mara nyingi kuliko yote ni kwamba friji halitengenezi baridi. Hakuna mashine duniani inayotengeneza baridi. Baridi si kitu cha kutiwa ndani ya sanduku. Ni jina tu la upungufu wa joto, kama kisima tunavyokiita kikavu pale maji yalipoondoka. Friji ni hamali. Linabeba joto ndani, linalitua nje, linarudi kubeba jingine, usiku na mchana.

Lugha yetu haina uhaba wa maneno katika jambo hili. Mwezi wa Februari, kaskazi ikikatika na kuti la mnazi halitikisiki, tunasema kuna hari. Mvua ikitanda isinyeshe, hilo ni fukuto. Mtoto akitoka vipele vya shingoni ana harara. Maji ya kumkosha mwana mchanga yawe vuguvugu. Kila neno hapo lina hali yake, na mtu wa Unguja au Pemba hayachanganyi hata akiwa na usingizi. Lakini neno lenyewe la joto tumelitwisha mizigo miwili. Tunasema "joto la chai" tukikusudia ukali wake, na tunasema "jiko linatoa joto" tukikusudia kile kinachotoka jikoni kuingia sufuriani. Skuli nilisomeshwa fizikia kwa Kiingereza, nikahifadhi maneno mawili bila kufahamu kwamba ni mambo mawili. Baadaye nikakuta vitabu vya Kiswahili vimeyatenga vizuri kabisa: ule ukali ni halijoto, na wengine huuita jotoridi; kinachohama kutoka kitu kimoja kwenda kingine ndicho joto; na akiba iliyomo ndani ya kitu ni nishati ya joto.

Chukua kikombe kimoja cha kahawa ya barazani, kile kidogo cha kauri, kahawa imetoka sasa hivi kwenye dele juu ya makaa. Tuseme ina digrii 85 za Celsius. Ukiibwia mara moja unaunguza ulimi. Pembeni pana ndoo ya lita 20 iliyokaa juani, maji yake digrii 32, hata mtoto anajimwagia. Yaache yote mawili yapoe mpaka digrii 30. Kikombe, kama kina mililita 50, kitatoa jouli 11,550 (jouli ni kipimo cha nishati) na hakina zaidi. Ndoo, kwa kushuka digrii 2 tu, itatoa jouli 168,000, karibu mara 15 ya kikombe. Hesabu yake si ngumu: kilo moja ya maji, ili ipande au ishuke digrii moja, lazima iingize au itoe kiasi cha jouli 4,200. Kwa hivyo kahawa imeishinda ndoo kwa halijoto, na ndoo imeishinda kahawa kwa wingi wa nishati, na hapana mgongano wowote.

Ile 4,200 ni nambari kubwa, na sisi wa visiwani tunaishi ndani yake. Mchanga mkavu unahitaji jouli 800 hivi kwa kilo. Ndiyo maana adhuhuri mchanga wa pwani unakufukuza mbio mpaka majini, na maji yamelala chini ya jua lilelile wala hayajatikisika. Nchi kavu inapata moto upesi, hewa yake inapanda, na hewa ya baharini inakuja kujaza nafasi. Usiku nchi kavu inapoa upesi vilevile, na upepo unageuka kutoka bara kwenda baharini. Wavuvi wanaotoka alfajiri na tanga wanaujua upepo huo kuliko fundi yeyote.

Nimesema joto linahama, linabebwa, linatuliwa. Maneno haya nayatumia kila siku na sina nia ya kuyaacha, lakini yanaweza kumfanya mtu adhani joto ni maji fulani yasiyoonekana yanayomiminika kutoka kitu hiki kwenda kile. Wataalamu wa Ulaya wa karne ya 18 walidhani hivyohivyo. Kisha mwaka 1798 Benjamin Thompson, aliyejulikana kwa cheo cha Count Rumford, akaandika alichokiona mjini Munich, ambako alisimamia uchongaji wa mizinga. Farasi walizungusha mzinga ukisuguliwa na kekee kubwa butu, mzinga wenyewe umezamishwa ndani ya maji, na baada ya saa mbili na nusu maji yakachemka pasipo moto wowote. Na joto halikwisha. Kadiri farasi walivyozunguka ndivyo lilivyokuja. Kama lingekuwa kimiminika kilichojificha ndani ya chuma, lingefika siku kikauka. Ukiwahi kukaa na fundi wa majahazi akitoboa mbao kwa kekee ya uta, unajua anachokisema Rumford: ncha ya kekee ikichomolewa tu, hushiki. Katika miaka ya 1840, James Joule wa Manchester akapima jambo hilo kwa uangalifu, kwa kuteremsha vitu vizito vilivyozungusha mapanga ndani ya maji na kuangalia maji yamepanda kiasi gani. Kazi ya mkono inageuka kuwa joto, na kwa bei ileile kila mara. Jouli tunazozihesabu zimepewa jina lake.

Basi ukweli ni huu. Kila kitu kimeundwa kwa chembe ndogo mno, na chembe hazitulii. Katika kitu kigumu zinatetemeka pale zilipo, katika maji zinapishana, katika hewa zinaruka na kugongana. Halijoto ni kipimo cha jinsi chembe zinavyohangaika kwa wastani. Nishati ya joto ni jumla ya mahangaiko ya chembe zote zilizomo. Kitu chenye chembe za kasi kikigusana na kitu chenye chembe za pole, zile za kasi zinazigonga za pole na kuzigawia mwendo, mpaka zinapolingana. Mgao huo ndio joto. Siku zote unatoka kwenye halijoto ya juu kwenda ya chini, haugeuki wenyewe hata siku moja, na ndiyo sababu hamali lazima alipwe umeme. Kupanda kwa halijoto hakuna dari tunayoigusa sisi. Kushuka kuna sakafu. Kwenye digrii 273.15 chini ya sifuri hapabaki tena cha kutolewa.

Anders Celsius wa Uswidi, kipimo chake alichokipendekeza mwaka 1742 kilikuwa kichwa chini. Aliweka 0 pale maji yanapochemka na 100 pale barafu inapoyeyuka, kama mtu anayehesabu baridi. Wengine ndio waliokigeuza baadaye. Nikikumbuka hilo huwa sishangai mteja akinambia "ongeza baridi".

Mimi mwenyewe niliyafahamu haya kwa vidole kabla ya kuyafahamu kwa akili. Mwaka 2008 nilikuwa bado najifunza kazi kwenye kibanda cha Maalim, nyuma ya Darajani. Siku hiyo nilikuwa najaza gesi friza la duka. Mtungi wa gesi ulilala ubavu badala ya kusimama, nati ya mpira haikukaza, na badala ya kutoka gesi kavu ikatoka gesi ya maji, ikanirukia vidole vitatu vya mkono wa kushoto. Nikapiga kelele "Nimeungua!" na wallahi niliungua. Ngozi iligeuka nyeupe kama nta ya mshumaa, ngumu, sisikii kitu, na baada ya muda ikaja malengelenge, sawasawa na ya mtu aliyemwagikiwa maji ya moto. Maalim aliniingiza mkono kwenye bakuli la maji ya vuguvugu, akanishikilia nisikurupuke. Nikamuuliza imekuwaje kitu cha baridi kikaunguza. Akasema, "Gesi imekunywa joto la vidole vyako. Imekunywa kwa pupa."

Gesi ile, tunayoiita 134a, ikiachiwa kwenye hewa ya kawaida inachemka kwenye digrii 26 chini ya sifuri. Kwa gesi ya namna hiyo, kidole changu cha digrii thelathini na kitu ni jiko linalowaka. Ilichemka juu ya ngozi yangu, na kitu kinachochemka lazima kipate joto pahala. Hapa joto lilikuwa langu.

Friji zima limo ndani ya jambo hilo moja. Kwenye mabomba ya ndani, palipo na samaki, gesi inaachiwa nafasi ikachemka, na kwa kuchemka inakunywa joto la kila kilichomo. Kompresa inaivuta ikiwa mvuke, inaibana kwa nguvu, na ikibanwa halijoto yake inapanda ikapita ya chumba. Sasa ikipitishwa kwenye mabomba ya nje, ya mgongoni au ubavuni, joto linatoka lenyewe kuingia hewani, kwa sababu hapo gesi ndiyo yenye halijoto ya juu. Ikipoa inarudi kuwa maji. Inapita kwenye kapilari, bomba ambalo tundu lake halifiki milimita moja, inaingia tena ndani, inakuta nafasi, inachemka. Sisi kibandani tulisema: inakunywa ndani, inatapika nje. Wanafunzi wangu nawafunza kwa maneno hayohayo, na fundi anayeyaelewa hupati tabu kumfunza mengine. Friji halipoozi? Angalia kwanza kama linatapika. Nje pakiwa baridi kabisa na kompresa inanguruma, gesi imevuja au njia imeziba. Pakiwa pa moto kupita kiasi, limebanwa ukutani, au vumbi limejaa, au mwenyewe amelifunika kitambaa cha kufuma mpaka magotini.

Kisha ukaja ule wakati ambao Unguja nzima inaukumbuka. Desemba 2009 umeme ukakatika kwa hitilafu kwenye njia inayotoka Bara, na haukurudi mpaka Machi 2010. Miezi mitatu, tena miezi ya kaskazi, hari juu ya hari. Mwenye jenereta aliwasha, asiye nayo alilala barazani. Kibandani kwetu hapakuwa na kazi. Nani atatengeneza friji lisilo na pa kuchomekwa? Maalim akatwambia twende makwetu. Nikapanda boti nikaenda Pemba kwa Bibi, mama mzaa mama, kijijini nje ya Wete, ambako umeme haukuwahi kufika, basi hapakuwa na aliyeulilia.

Bibi alikuwa na mtungi wa udongo mweusi kwa kuzeeka, umekaa ukumbini baina ya mlango wa mbele na wa nyuma, umefunikwa kwa kawa, na kata ya kifuu inaning'inia pembeni. Nilifika mchana kwenye jua la saa saba. Akanitekea. Maji yalinishuka kifuani nikayasikia yanapopita. Mimi niliyetoka kwenye mji wenye maelfu ya mafriji yaliyokufa, nilikunywa kata tatu nimesimama.

Nilikuwa na kipimajoto changu cha kazi ndani ya mkoba. Kesho yake nikapima. Hewa ya ukumbini digrii 31. Maji ya ndoo ya plastiki yaliyotekwa kisima kilekile yamefika 31 nayo. Maji ya mtungini 26. Nikapima tena adhuhuri, na jioni, na siku iliyofuata. Nikapapasa mtungi kwa nje: ubichi wa juujuu, kama jasho kwenye paji la uso. Udongo una vinyweleo. Maji yanajipenyeza polepole mpaka nje, upepo unayakuta, yanageuka mvuke na kuondoka. Na kugeuka mvuke ni kunywa joto. Gramu moja ya maji ikivukizwa kwenye hari ya kwetu inachukua kiasi cha jouli 2,400. Kushusha lita 20 digrii 5 kunataka kutoa jouli 420,000, basi gramu 175 za maji zinatosha, chini ya glasi moja, na nyongeza kidogo kwa kuwa hewa nayo inaendelea kulirudisha joto taratibu. Glasi moja inajitoa, lita ishirini zinapoa.

Nilikaa kwenye ule mkeka nikauangalia mtungi kwa muda mrefu. Ilikuwa gesi yangu ya 134a. Ilikuwa vidole vyangu vitatu. Kitu kilekile kilichoniunguza mjini kilikuwa kinampoozea Bibi maji ya kunywa, bila bomba, bila kompresa, tangu kabla mama yangu hajazaliwa.

Nikamweleza Bibi. Alisikiliza akichambua mchele, kisha akanambia mambo ambayo mimi sikuwa nayo. Kwamba mtungi unataka upepo. Ukiuweka pembeni ukumbini, maji yanachacha. Kwamba wakati wa masika hautegemewi, kwa sababu hewa yenyewe imelowa na jasho la mtungi halikauki. (Ndivyo hasa: hewa iliyoshiba mvuke haipokei zaidi, na kwa sababu hiyohiyo jasho letu linatiririka mwezi wa Februari bila kutupooza.) Na kwamba mjomba wangu, alipokuwa kijana, aliupaka mtungi mmoja rangi ya mafuta ya kijani ili upendeze kwa Sikukuu. Ukapendeza, na maji yakakaa vuguvugu mpaka ukatupwa. Vinyweleo vilikuwa vimezibwa. Bibi hakuvijua kwa jina, lakini alisema, "Aliuziba pumzi."

Akauliza, "Kwa hivyo nyinyi mjini mnalipia umeme kwa kazi ya mtungi?" Nikamjibu kwa dhati, kwa sababu swali lilistahili. Tunalipia mambo mawili. Moja ni kwamba mtungi una kikomo; hauwezi kushuka chini zaidi ya kile hewa inachoruhusu, wala hauwezi kugandisha. La pili ni kwamba mvuke wa mtungi unapotea na upepo, lakini gesi yetu ni ghali, tena haifai kuachiwa hewani. Zile za zamani zilitoboa utando wa ozoni mpaka mataifa yakakubaliana mjini Montreal mwaka 1987 kuanza kuzipunguza. Kwa hivyo kompresa kazi yake ni kuukamata mvuke na kuurudisha kuwa maji, ili uchemke tena. Mtungi wako, Bibi, unatiwa maji kila asubuhi. Wangu umefungwa kwa kuchomelewa na haufunguliwi.

Umeme uliporudi nikarudi mjini, na mwaka huohuo wa 2010 Pemba nayo ikaungwa na waya kutoka Tanga. Nimetengeneza mafriji mengi Wete tangu hapo.

Msimu wangu mkubwa ni Ramadhani. Kila nyumba inataka barafu kabla ya futari, na kina mama wanaouza barafu za ukwaju na ubuyu hawana subira hata kidogo. Malalamiko ni yaleyale: "Fundi, friza linashusha vizuri, saa chache maji baridi kabisa, halafu linagoma. Barafu haiji." Nafungua, natia kipimajoto ndani ya maji: sifuri. Nasubiri nusu saa: sifuri. Mtu yeyote angesema limekufa.

Halijafa. Limefika kwenye kazi ngumu. Lita moja ya maji ya digrii 30, kuifikisha sifuri ni kutoa jouli 126,000. Kuigeuza kutoka maji ya sifuri kuwa barafu ya sifuri ni kutoa jouli 334,000 nyingine, zaidi ya mara mbili na nusu, na muda wote huo kipimajoto hakitikisiki. Joto linatoka kwa wingi na halijoto imesimama palepale. Chembe hazipunguzi mwendo. Zinashikana mikono zikawa kitu kigumu, na kushikana huko kunatoa joto. Mtu wa kwanza kulipima jambo hili sawasawa alikuwa Joseph Black, huko Glasgow, kwenye miaka ya 1760, akaliita joto lililojificha. Kwangu mimi, hapa ndipo panapokata mzizi wa fitina baina ya joto na halijoto, na kama mwalimu wangu wa skuli angetuletea barafu ya shilingi mia na kipimajoto, nisingechukua muda wote ule kuyafahamu.

Tena ni neema. Barafu ikiyeyuka inayanywa yale yale 334,000 kwa kilo, ikiwa imekaa kwenye sifuri yake. Mchuuzi wa samaki anayefunika nguru kwa barafu iliyopondwa hakumwekea kitu cha baridi tu. Amemwekea kinywaji cha joto kisichoshiba upesi. Maji ya sifuri ya uzito huohuo yangepanda karibu digrii 80 kwa joto kama hilo.

Na kila mwaka mwanafunzi mpya huniuliza kama ni kweli maji ya moto huganda haraka kuliko ya baridi. Hapo namtaja Erasto Mpemba. Vijana wa Pemba macho huwatoka: Mpemba mwenzetu! Hakuwa wa kisiwani, alikuwa wa Bara, jina ndilo lililotuangukia vizuri. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Maziwa yalichemshwa na sukari yakasubiriwa yapoe ndipo yatiwe frizani. Yeye, kwa kuogopa kukosa nafasi, akayatia yangali moto, na yakaganda kabla ya ya mwenzake. Akauliza, hakusadikiwa, akachekwa. Hakunyamaza. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, alikuja mgeni, Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, na kijana akasimama akauliza tena mbele ya watu. Osborne akaenda kujaribu, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja walichokiona. Wataalamu wanabishana mpaka leo kama jambo lenyewe hutokea kweli na kwa sababu ipi. Mimi kinachonigusa ni kwamba aliamini kipimo kuliko kicheko.

Lakini usinifahamu vibaya ukaenda kutia sufuria la moto frijini. Supu lita 5 yenye digrii 90, ili ifike 5, inataka kutoa jouli 1,785,000. Tuseme friji lako linahamisha jouli 150 kila sekunde: hiyo ni zaidi ya saa tatu za hamali mmoja kubeba mzigo mmoja, na maziwa ya mtoto yamekaa pembeni yanapata fukuto la supu. Iache mezani ipoe kidogo. Hewa inalichukua joto lile bure. Na ukishindwa na hari usiku usifungue mlango wa friji ulale mbele yake, kama jirani yangu mmoja. Linachukua joto la chumba mbele, linalirudisha chumbani nyuma, na linaongeza la mota yake. Asubuhi chumba kimekuwa tanuri.

Tena, usiuamini mkono wako sana. Ndani ya friza lililotulia kwenye digrii 18 chini ya sifuri, trei ya chuma na ndoo ya plastiki zina halijoto moja, kipimajoto kitakwambia hivyo. Gusa. Chuma kinakushika kidole, plastiki haina habari. Mkono haupimi halijoto ya kitu. Unapima joto linakukimbia kwa kasi gani, na chuma kinalipitisha upesi. Nimewaona mafundi wazuri wakidanganyika hapo.

Kwa Bi Mkubwa wa Jang'ombe kazi yangu ilikuwa ndogo. Nililivuta friji kutoka ukutani kiasi cha shibiri moja, nikakiondoa kitambaa alichokitandaza juu kikaning'inia mbavuni, na yeye akanipa kikombe cha chai. Hakukubali kwamba sitaki malipo, akanitilia changu wawili kwenye mkoba.

Ijumaa nilipita tena kumwona mwanawe. Pale baina ya friji na ukuta Bi Mkubwa alikuwa amefunga kamba fupi, ametundika vitambaa viwili vya kupangusia sahani. Nikachungulia kama hewa inapita. Inapita. Akanambia vinakauka kabla ya Magharibi, hata siku ya mawingu, kisha akaweka kiganja ubavuni mwa friji bila kuogopa.

"Wa leo ni nguru," akasema.